Nywila ni sahihi, mbona inanikataa?

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja: mtu ana akaunti, anajua ni yake, na haingii. Nimeziweka pamoja. Ila kabla ya yote, ombi. Acheni kunitumia nywila zenu. Wapo walioniandikia jina la akaunti, nywila, na kwa ukarimu wa ziada namba ya siri ya pesa za kwenye simu, "ili unisaidie haraka". Nimezifuta bila kuzijaribu, na waliozituma wakazibadilishe leo hii. Najibu maswali, kwenye akaunti za watu siingii.

Wasomaji wa zamani wanajua kwamba kabla ya safu hii nilikaa nyuma ya kaunta ya steshenari pale Msamvu, Morogoro, nikitoa fotokopi na kujaza fomu za watu mtandaoni. Mengi ninayoyajibu hapa niliyaona kwenye kaunta ile.

"Dada, shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita. Niliomba chuo kwenye steshenari moja hapa Masasi, kijana wa pale akanifungulia barua pepe na akaunti ya maombi, akaniandikia nywila kwenye kikaratasi. Kikaratasi kimelowa mvua, hakisomeki. Nikibonyeza 'nimesahau nywila' wananiambia wametuma namba kwenye simu inayoishia 47. Mimi sina simu inayoishia 47! Nimechaguliwa vyuo viwili na natakiwa nithibitishe kimoja. Nifanyeje?" Binti, Masasi.

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa vyuo viwili. Simu inayoishia 47 ni ya yule kijana wa steshenari, na sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Msimu wa maombi foleni inafika barabarani. Mteja hana simu, au ana kitochi kilichoisha chaji. Ukurasa unadai namba ndipo uendelee, na nyuma watu wanaguna. Kijana anaandika namba yake, kazi inasonga. Matokeo yake ndiyo haya unayoyaona: kwa mtambo, mwenye laini ile ndiye mwenye akaunti, na wewe ndiye mgeni anayebisha hodi.

Usimpigie simu, nenda mwenyewe. Nenda asubuhi kabla hajabanwa. Mwombe ashike simu yake, nawe ukae kwenye kompyuta ileile aliyokufungulia hiyo barua pepe. Nasisitiza kompyuta ileile kwa sababu Google, kwenye ukurasa wake wa kurudisha akaunti (g.co/recover), huangalia pia kifaa unachotumia na mahali ulipo. Ombi linalotoka kwenye mashine na mtandao inaoufahamu hupita kwa urahisi kuliko linalotoka kwenye simu mpya ya mjomba. Namba itaingia kwake, atakusomea, utaweka nywila mpya.

Ukishaingia, usiinuke kwenye kiti. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanabadili nywila, wanashukuru, wanaondoka, na 47 inabaki palepale ilipokuwa. Fungua mipangilio ya akaunti, sehemu ya usalama. Ondoa namba yake, weka yako, au ya mama kama huna. Tazama kama kuna barua pepe ya akiba. Mara nyingi utakuta nayo ni ya steshenari, hivyo iondoe pia. Kisha angalia orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako, uvitoe vyote usivyovijua, na ukimaliza utoke hata kwenye kompyuta hiyo uliyokalia. Ukiwasha uthibitisho wa hatua mbili (nywila, kisha namba ya kuthibitisha), Google inakupa namba 10 za akiba, kila moja yenye tarakimu 8, kila moja ya kutumika mara moja tu. Zichapishe, zikae pamoja na cheti cha kuzaliwa. Karatasi iliyochapwa vibaya usiiache kwenye pipa la pale dukani.

Barua pepe ikirudi, akaunti ya maombi haitakusumbua, maana kiungo cha kubadili nywila yake kinatumwa humohumo. Suala la kuthibitisha chuo ni jingine. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalumu ya kuthibitishia, kwa simu au barua pepe aliyoijaza kwenye maombi. Kama kijana alijaza 47 na huko, muulize kama kuna ujumbe umeingia. Inawezekana anao tangu juzi na amedhani ni matapeli.

Na kama kijana amehama mji? Piga simu dawati la udahili la chuo unachokitaka, kwa namba iliyopo kwenye tovuti ya chuo, au nenda kama nauli ipo. Beba namba zako za mtihani za kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho kama unacho. Ukifika usiseme "nimesahau nywila", watakuelekeza kwenye kitufe kilekile kinachotuma ujumbe kwa 47. Sema: "Namba ya simu iliyopo kwenye maombi yangu si yangu, naomba ibadilishwe." Na kama mkopo wa HESLB nao uliombwa kwa barua pepe hiyohiyo, uhangaikie siku hiyohiyo, dirisha la mkopo halikusubiri.

Ninyi wenzangu wa steshenari: mteja asiye na simu mwambieni akalete ya mzazi. Foleni itaguna. Acheni igune.

"Tovuti ya kuombea ajira inaniambia mtumiaji huyu hayupo. Mbona barua zao zote za uthibitisho nilizipata kwenye barua pepe hiihii?" Mhitimu, Dodoma.

Tazama nukta. Gmail haijali nukta zilizo kabla ya alama ya @: ukiandika mtu.mwema au mtumwema, barua inaingia sanduku moja. Tovuti nyingi hazina habari na hilo, zinalinganisha herufi kwa herufi, na nukta kwao ni herufi kama nyingine. Ulijisajili na nukta, sasa unaingia bila nukta. Fungua barua ya kwanza kabisa waliyokutumia, usome mstari wa "kwenda kwa", uone waliiandikaje.

Ugonjwa huohuo upo kwenye namba. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na kwenye kadi zimetenganishwa kwa vistari. Mfumo mmoja unavitaka, mwingine unavikataa. Namba ya mtihani nayo, huku mkwaju (/), kule nukta. Mfano ulioandikwa kwa rangi ya kijivu ndani ya kisanduku upo kwa kazi hiyo, usomeni.

"Mwanangu, mimi ni mwalimu, karibu nastaafu, shule yetu ipo Sengerema. Kompyuta ya ofisi, tovuti yoyote ya kuingia kwa nywila inaandika kwamba muunganisho si salama. Simu yangu kwa intaneti hiyohiyo inaingia vizuri. Fundi anasema ni virusi, anataka kufuta kila kitu." Mwalimu, Sengerema.

Shikamoo, mwalimu. Mwambie fundi asiguse kitu kwanza. Tazama saa na tarehe iliyopo pembeni, chini ya kioo cha kompyuta. Naweza kukisia: inasoma mwaka ambao wanafunzi wako wa sasa walikuwa hawajazaliwa.

Sababu ni hii. Kila tovuti inayopokea nywila kwa usalama ina cheti cha kidijitali, na cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kivinjari, ile programu unayofungulia tovuti, hukisoma kabla ya kukuruhusu kuandika chochote. Kompyuta ikiamini tupo mwaka 2010, cheti kilichotolewa mwaka huu kwake bado hakijaanza kutumika, kwa hiyo inakulinda na tovuti isiyo na kosa lolote. Kwa simu hutaona shida hiyo, kwa kuwa simu huchukua saa kutoka kwenye mtandao wa laini.

Rekebisha tarehe, mwaka, na eneo la saa liwe la Afrika Mashariki. Ikiingia, subiri umeme ukatike. Ukirudi na saa ikawa imerudi nyuma tena, kuna betri ndogo ya duara imekufa kwenye ubao wa ndani wa kompyuta. Nyingi ni CR2032, ileile inayotumika kwenye rimoti za magari na mizani ndogo. Mafundi wa saa wanazo. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache, na mafaili ya shule yanabaki kama yalivyo.

Kama saa ipo sawa na bado inagoma, basi uliza umri wa mashine. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti-mama kimoja kilichotumiwa na tovuti nyingi sana, kinaitwa DST Root CA X3, kilifika ukomo wake. Kompyuta na simu za zamani zilizokuwa hazipati tena masasisho zikaanza kukataa tovuti zilizokuwa zinazifungua jana yake, na wenyewe wakadhani wamerogwa. Hapo dawa ni kusasisha mfumo, au kivinjari kipya kama mashine inakibeba.

Saa hiyohiyo huwatesa na wanaotumia programu ya simu inayozalisha namba za kuingilia, zile zinazobadilika kila baada ya sekunde 30. Zile namba zinatokana na hesabu ya saa. Simu ikichelewa dakika tano inatoa namba iliyokwisha kufa. Rudisha saa ijipange yenyewe.

"Dada, mimi ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama, Mbagala. Mhazini kabadili nywila ya barua pepe ya kikundi akatutumia WhatsApp. Akiingia yeye inamkubali, sisi wote inatukataa. Maneno yameanza." Katibu, Mbagala.

Yakatisheni hayo maneno. Nywila uliyonionyesha kwenye picha (na sasa mkaibadili, maana nimeiona) imekolezwa wino. WhatsApp ikikuta neno lina nyota mwanzoni na nyota mwishoni, inalikoleza na kuzificha nyota. Mhazini aliweka nyota mbili ili nywila iwe ngumu, na nyota hizo ndizo msizoziona. Vistari vya chini pande zote mbili hulilaza neno, navyo vikapotea. Alama za wimbi hulichora mstari katikati. Bonyeza ujumbe kwa muda, nakili, ubandike mahali pa kuandikia maandishi ya kawaida, nyota zitatokea.

Mengine ya namna hiyo: simu hupenda kuanza neno kwa herufi kubwa bila kuulizwa, ukichagua neno inalokupendekezea inaongeza nafasi tupu mwishoni, nayo huhesabiwa kama herufi, sifuri na O ni mapacha. Gusa picha ya jicho pembeni ya kisanduku usome ulichoandika.

Sasa nami niulize swali. Hiyo barua pepe ya kikundi ina namba ya nani nyuma yake? Kama ni ya mhazini peke yake, siku akiolewa Songea inakwenda naye. Wekeni namba ya mmoja na barua pepe ya akiba ya mwingine, na liandikwe kwenye daftari la mkutano.

"Naandika nywila, inafikiri kidogo, inanirudisha ukurasa uleule. Haisemi nimekosea. Inanizungusha tu." Dereva, Arusha.

Isipokutukana, nywila yako pengine imekubaliwa. Tovuti ikishakutambua huweka kumbukumbu ndogo kwenye kivinjari, huitwa vidakuzi, ili ukienda ukurasa wa pili ikukumbuke. Kivinjari kikikataa kuvitunza, kwenye ukurasa wa pili wewe ni mgeni tena, unarudishwa mlangoni. Mara nyingi hutokea ukifungua kiungo ukiwa ndani ya Facebook au programu nyingine ya mazungumzo, ambazo zina kivinjari chao cha ndani. Gusa vidoti vitatu, chagua kufungua kwenye kivinjari chako cha kawaida. Isipokubali, jaribu dirisha la faragha (incognito). Ikiingia huko, futa vidakuzi vya tovuti hiyo tu. Ukifuta vya tovuti zote utatolewa kila mahali, na hapo ndipo utajua ni nywila ngapi huzikumbuki.

"Assalaam alaykum, dada. Nafanya kazi Muscat mwaka wa tatu huu. Laini yangu ya Tanzania niliiweka kabatini. Sasa benki yangu ya nyumbani inataka namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye laini hiyo. Nimeichomeka kwenye simu, haishiki mtandao. Kaka yangu Tanga akaipiga, akapokea mwanamke tusiyemjua." Msomaji, Muscat.

Waalaykumu salaam, kaka. Huyo mwanamke hana kosa, kanunua laini dukani. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni huifunga, na baadaye namba huuzwa upya. Maana yake ni kwamba ujumbe wa benki yako unaingia kwake, na kwa tovuti zote ulizojisajili kwa namba ile, mwenye simu sasa ni yeye.

Kwa hiyo usianze na kuingia, anza na kufunga. Piga benki leo, kwa namba iliyopo nyuma ya kadi yako au kwenye tovuti yao, uwaambie namba hiyo si yako tena wasimamishe huduma za mtandaoni zilizofungwa nayo. Kuibadilisha watataka wakuone tawini. Uliza kama watapokea fomu iliyothibitishwa na ubalozi wetu uliopo hapo Muscat, kila benki ina utaratibu wake. Halafu kaa uandike akaunti zako zote zenye namba ile, barua pepe kwanza, uhamishie namba yako ya Oman au programu ya kuzalisha namba. Kama WhatsApp yako bado ipo kwa namba ya zamani, ihamishe leo kupitia mipangilio, "badilisha namba", kisha uweke na PIN yake ya tarakimu sita.

Wanaojiandaa kusafiri wasome hapa. Kabla hujapanda ndege, pita dukani kwa kampuni yako ya simu wakuwashie huduma ya kutumia laini nje ya nchi, na ukiwa huko ipe matumizi mara kwa mara. Ikifa, hakuna ndugu wa kukurudishia: tangu mwaka 2020 laini zetu zimefungwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kidole kinachotakiwa ni chako.

"Sema, dada. Niko Kayole, Nairobi. Nikiomba link ya kubadilisha pasiwedi, imeli haikuji. Nimeomba mpaka nikachoka." Msomaji, Kayole.

Poa. Umeangalia kwenye Taka (spam), najua. Sasa angalia kama sanduku limejaa. Google inatoa GB 15 za bure, na hizo zinagawanywa kati ya barua, mafaili na picha zako. Simu ikiwa inapandisha kila video ya harusi na mechi, GB 15 zinaisha, na barua mpya zinakataliwa mlangoni. Aliyetuma ndiye anayeambiwa sanduku limejaa; wewe huoni kitu. Futa video kubwa, kisha uondoe na zilizomo kwenye pipa, maana bado zinahesabiwa.

Halafu omba kiungo mara moja tu, usubiri. Ukiomba mara tano, kwenye tovuti nyingi cha mwisho ndicho kinachofanya kazi, na vile vinne vitakuambia muda umeisha.

"Mwanangu, mume wangu alifariki mwezi wa Ramadhani. Nakala za mauziano ya kiwanja chetu zipo kwenye barua pepe yake. Mtoto kila jioni anakaa anabahatisha nywila. Simu ya marehemu ninayo." Mama, Tanga.

Pole sana, mama. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwambie mtoto apumzike, kila jaribio lisilo sahihi linaifanya akaunti iwe ngumu zaidi. Kama simu inafunguka, tazama kwenye picha na kwenye mafaili yaliyopakuliwa: mtu hupiga picha mkataba kwanza ndipo autume, na picha mara nyingi ipo bado.

Google haimpi mtu yeyote nywila ya marehemu, hata mke. Ina ukurasa wa maombi ya ndugu wa marehemu. Wanaweza kuifunga akaunti, na kwa baadhi ya maombi kutoa yaliyomo, baada ya kupitia vielelezo. Cheti cha kifo kutoka RITA na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani utavihitaji tu, hata kwa kiwanja chenyewe, basi anza navyo. Usikae miaka: tangu Desemba 2023 akaunti ya Google isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa. Wakati huohuo nenda kwa muuzaji, kwa mashahidi, kwa wakili kama alikuwepo, na ofisi ya serikali ya mtaa walipotia mhuri. Nakala ya mauziano haikai sehemu moja.

Tulio hai: Google, tangu 2013, ina mahali pa kupanga akaunti itakapokaa kimya nani apewe nini. Unachagua muda, miezi mitatu hadi 18, na watu mpaka 10. Mume wa mtu asome na yeye.

"Akaunti yangu ya Facebook imeibwa. Kuna kaka Telegram anasema anairudisha kwa elfu hamsini, nusu kwanza." Mfanyabiashara, Kahama.

Hapana. Akishakula nusu atataka "namba iliyoingia kwenye simu yako", na hiyo ndiyo itakayomaliza kilichobaki. Nenda facebook.com/hacked mwenyewe, ukitumia simu uliyokuwa unaingilia siku zote, na hakuna malipo. Namba ya huyo kaka itume kwenda 15040, ndiyo ya kuripotia matapeli Tanzania.

"Mfumo wa kazini unanilazimisha nibadili nywila kila siku 90. Nimeishiwa majina ya watoto. Nikiandika kwenye daftari wenzangu wananicheka." Mtumishi, Singida.

Wacheke. Mwaka 2017 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani inayofuatwa na wengi, ilishauri mifumo iache kulazimisha watu kubadili nywila kwa kalenda, kwa kuwa mtu akilazimishwa huongeza namba moja mwishoni na kuendelea. Mkuu wako wa TEHAMA anaweza kuambiwa hivyo kwa upole. Mpaka asikie, daftari linalofungiwa kwenye droo nyumbani ni salama kuliko nywila moja ya jina la mtoto kila mahali, sababu mwizi wa mtandaoni hawezi kuifungua droo yako. Faili la kompyuta lenyewe si kaburi la siri: kule MIT mwaka 1962, mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliuamuru mfumo umchapishie faili la nywila za watu wote, ukamchapishia. Alichokuwa anataka ni muda zaidi wa kutumia kompyuta.

Kwenye daftari usiandike nywila peke yake. Kila akaunti iandikie mistari mitatu: jina la kuingilia kama lilivyosajiliwa, pamoja na nukta zake, namba ya simu iliyo nyuma yake, na barua pepe ya akiba. Nywila iandike kwa penseli, utakuwa unaifuta kila baada ya siku 90.